Southend bila kukuta tope tupu: mwongozo kamili kuanzia Leigh mpaka mwisho wa gati

Kila kiangazi malalamiko ni yaleyale. Familia imetoka London na watoto, nauli imelipwa, wanafika Southend mchana kweupe na bahari hamna. Mbele ni tope la kijivu mpaka macho yanachoka, mashua zimelala ubavu, gati refu limesimama juu ya matope na watoto wanauliza maji yako wapi. Wanapiga picha mbili tatu, wanakula chipsi, wanarudi, alafu wanaandika kwamba Southend haina kitu.

Kipo tena kingi sana, ila pale unapanga siku kwa maji kwanza, mengine yote yanafuata. Southend iko mlangoni mwa mto Thames, upande wa Essex, na ufuko wake ni bapa kabisa, kwahiyo maji yakipwa yanarudi nyuma zaidi ya kilomita moja na nusu. Gati ni refu kwa sababu hiyo, majahazi yao ya zamani yana tumbo bapa kwa sababu hiyo, na wanaozama pale wanazama kwa sababu hiyohiyo. Ukilishika hili moja, kila utakachokiona kitakuwa na maana.

## Vitu vya kuwa navyo

- Jedwali la maji la Southend, ukikosa la Southend chukua la Sheerness, ni ng'ambo tu ya mto na saa zinakaribiana sana.
- Tiketi ya treni ya kwenda na kurudi. Kadi ya Oyster haifiki Southend, watu wengi wanagundua wakiwa wameshafika getini.
- Kama mna watoto, kadi ya reli ya punguzo la familia. Inakata theluthi moja kwa mtu mzima na asilimia 60 kwa mtoto, ila siku za kazi asubuhi ina masharti yake, soma kabla hujanunua.
- Koti la upepo, hata mwezi wa saba. Mwisho wa gati uko zaidi ya kilomita mbili ndani ya maji na hakuna cha kukukinga.
- Viatu vya kufunga. Ndala ziache begini mpaka mfike kwenye mchanga.
- Darubini kama unayo, hata ndogo. Hatua ya 7 utaona faida yake.
- Simu yenye chaji ya kutosha.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Hapa ndo wengi wanaanguka. Wanachagua Jumamosi yenye jua kwenye apu ya hali ya hewa, basi wamemaliza.

Pale Southend siku za bamvua, yaani siku mbili tatu kuanzia mwezi mwandamo na kuanzia mwezi mpevu, maji hujaa mchana, majira ya kiangazi ni kama kati ya saa 7 na saa 9 alasiri. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, maji yanajaa asubuhi mapema na jioni, na katikati ya mchana, muda ambao familia nyingi zinafika, ni tope. Mtindo huu haubadiliki mwaka mzima. Aliyekulia Tanga, Pemba au Lamu anajua bamvua na maji mafu toka utotoni, elimu ni ileile, maji tu ni ya baridi.

Kwa anayefuata kalenda ya Kiislamu kazi ni rahisi zaidi, tafuta wikendi iliyoangukia karibu na tarehe 1 hadi 3 au 15 hadi 17 ya mwezi. Hapo umeshakaribia, alafu unathibitisha na jedwali.

Umefaulu kama: una tarehe ambayo maji yanajaa kati ya saa 7 na saa 9 mchana.

## Hatua ya 2: Soma jedwali na urekebishe saa

Jedwali lina nyakati nne kwa siku, mbili za kujaa na mbili za kupwa, na kila moja ina urefu wa maji kwa mita. Southend kwenye bamvua maji yanafika karibu mita 5.7 na yanapwa mpaka karibu nusu mita, kwahiyo tofauti ni mita tano na ushee, ukilinganisha na Unguja ambako ni kama mita nne.

Angalia sana jambo hili: majedwali mengi yameandikwa kwa saa ya majira ya baridi mwaka mzima. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi Waingereza wanasogeza saa mbele, kwahiyo kama jedwali lako lina herufi GMT unaongeza saa moja wewe mwenyewe. Asiyeongeza anakosea saa nzima na saa nzima pale ni maji mengi mno.

Tena usichukue jedwali la wiki iliyopita ukasema haiwezi kubadilika sana. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, ndani ya wiki moja mchana wa maji mengi umeshakuwa mchana wa tope.

Umefaulu kama: umeandika kwenye simu saa ya kujaa ambayo imesharekebishwa. Kuanzia hapa nitaiita saa ya maji.

## Hatua ya 3: Hakikisha gati na lifti vimefunguliwa

Gati lina siku na saa zake, na majira ya baridi siku za katikati ya wiki mara nyingine linafungwa. Upepo ukizidi pia wanafunga hata kama kumeandikwa wazi. Angalia tovuti ya gati usiku wa kuamkia safari, alafu angalia tena asubuhi. Juu ya gati kuna treni ndogo, saa ya treni ya mwisho ya kurudi kutoka mwisho wa gati iandike pembeni.

Lifti ya kupanda mlima ulio karibu na gati nayo ni ya msimu. Ikiwa imefungwa ziko ngazi na njia za bustani, usiahirishe safari kwa ajili yake.

Ukitaka safari ya kumbukumbu zaidi tazama ratiba ya Waverley. Ni meli ya mwisho duniani ya magurudumu ya pembeni inayobeba abiria baharini, ilianza kazi mwaka 1947, na kwa kawaida inakuja Thames mwishoni mwa Septemba na Oktoba na kufunga kwenye gati la Southend. Tiketi zake zinaisha mapema. Kuiona inakuja na yale magurudumu yanavyotimua povu, alafu inajibandika kwenye gati lililojengwa kwa ajili ya meli za namna hiyo, mi kwangu hiyo inashinda bembea zote za pale ufukweni.

## Hatua ya 4: Panda treni sahihi na ushuke Leigh-on-Sea

Kuna reli mbili kutoka London na zinachanganya watu. Moja inatoka Liverpool Street na kuishia Southend Victoria, iko juu mjini na njiani huoni bahari. Nyingine inatoka Fenchurch Street, inapita Benfleet, Leigh-on-Sea, Chalkwell, Westcliff, Southend Central na kuishia Shoeburyness. Unataka hii ya pili. Fenchurch Street haina stesheni yake ya treni za chini ya ardhi, shuka Tower Hill utembee dakika chache. Wikendi za matengenezo treni za njia hii zinahamishiwa Liverpool Street, kwahiyo soma ubao kabla ya kukimbia.

Ndani ya njia hiyo pia kuna treni zinazozunguka kupitia Grays na Tilbury, hizo zinachelewa. Chagua inayopitia Basildon, utafika chini kidogo ya saa moja. (Ila Tilbury penyewe pana historia yake, ndo bandari ambayo meli ya Empire Windrush ilishusha abiria kutoka Karibi mwezi wa sita 1948. Pape siku yake.)

Kaa upande wa kulia. Baada ya Benfleet treni inaingia kwenye mbuga za chumvi, kulia ni maji na visiwa vya nyasi. Kushoto juu ya kilima utaona magofu ya ngome ya Hadleigh, minara miwili iliyobaki ya ngome ya karne ya 13 iliyokuja kujengwa upya na mfalme Edward wa Tatu ili kulinda mlango wa mto.

Panga kushuka Leigh-on-Sea masaa manne kabla ya saa ya maji. Usiende moja kwa moja Southend Central. Ukianzia Leigh unatembea na maji yanayojaa, unaona tope linageuka bahari mbele ya macho yako, na unafika kwenye gati wakati maji yamekamilika. Ukianzia mjini unaiona picha moja tu.

Umefaulu kama: umeshuka Leigh na mashua bado zimekaa kwenye tope. Safari hii hilo tope umelipanga mwenyewe.

## Hatua ya 5: Leigh ya zamani, kabla maji hayajafika

Toka stesheni, ifuate barabara ya kuelekea mashariki ukiwa na reli upande wako wa kushoto. Utaanza kuona mabanda ya mbao yamejipanga kwenye maji, ndo mabanda ya chaza wadogo (kwa Kiingereza cockles) wanaovunwa kwenye fungu za mchanga za Thames. Zamani mashua ilikuwa inaenda fungu, inasubiri maji yakapwa, inakaa juu ya mchanga, wavuvi wanashuka na reki na vikapu, wanavuna, alafu wanasubiri maji yarudi yawainue. Maji yakipwa ndo kazi inaanza. Leo wanatumia mashine za kufyonza ila mabanda ni yaleyale na chaza wanachemshwa hapohapo, wanauzwa kwenye vibakuli na siki na pilipili manga. Jaribu.

Mbele kidogo mtaa unakuwa mwembamba, nyumba za mbao nyeupe, mawe chini. Reli ilifika hapa katika miaka ya 1850 na ikapita katikati ya kijiji, ikawatenga wavuvi wa chini na mji wa juu kilimani, mpaka leo unavuka kwa daraja. Watu wanapita pale bila kujua kwa nini kijiji kimebanwa hivi kati ya treni na bahari.

Tafuta mashua ya Endeavour. Mwaka 1940 jeshi la Uingereza lilikuwa limezingirwa ufukweni Dunkirk, Ufaransa, meli kubwa haziwezi kusogea kwenye maji mafupi, na mashua sita za chaza za Leigh zikavuka kwenda kuwatoa askari. Zilifaa kwa sababu zilishazoea maji mafupi na fungu maisha yao yote. Wakati wa kurudi mashua ya Renown ikagonga bomu la baharini, wote wanne waliokuwemo wakafa. Endeavour imekarabatiwa na iko hapo Leigh. Simama nayo kidogo, ni ndogo kuliko unavyofikiria.

Tahadhari: usiruhusu watoto kushuka kwenye tope kati ya mashua. Linaonekana kavu juu, chini ni laini na linameza mguu mpaka gotini.

## Hatua ya 6: Fuata ukuta wa bahari mpaka Crowstone

Kutoka Leigh ya zamani kuna njia ya saruji kando ya bahari, reli kushoto, maji kulia. Ni tambarare, kigari cha mtoto kinapita. Mpaka kwenye gati ni kama kilomita nne hadi tano, msiharakishe. Anayechoka kuna stesheni ya Chalkwell palepale kando ya maji, anapanda treni mpaka Southend Central na mnakutana kwenye gati.

Ukiipita stesheni ya Chalkwell, kwenye ufuko utaona nguzo ya jiwe imesimama peke yake kwenye tope au kwenye maji, kutegemea umefika saa ngapi. Hiyo ni Crowstone, iliwekwa miaka ya 1830. Ng'ambo upande wa Kent, Isle of Grain, kuna mwenzake London Stone, na mstari kati ya mawe hayo mawili ndo ulikuwa mwisho wa mamlaka ya jiji la London juu ya mto. Yaani mvuvi akiwa upande mmoja wa mstari analipa London, akivuka hawamhusu. Jiwe la kabla yake, la 1755, wamelihamishia bustani ya Priory Park mjini.

Usitembee kwenda kuligusa maji yanapojaa. Tazama kutoka kwenye ukuta, kaa dakika 20 na uangalie alama za maji kwenye lile jiwe zinavyopanda.

Kama kuna jahazi la Thames linapita utalijua kwa tanga la rangi ya kutu, zito. Haya majahazi yalibeba nafaka, matofali, majani makavu ya kulisha farasi wa London na kurudi na samadi ya farasi haohao, na yalikuwa yanaendeshwa na watu wawili tu. Tumbo ni bapa ili yakae wima kwenye tope maji yakipwa na mkokoteni uje ubavuni kupakua. Mtu aliyeona majahazi ya Lamu yakikalishwa mchangani ili yapigwe deheni ataelewa mara moja.

Umefaulu kama: unafika Westcliff na tope limeshapotea, mawimbi yanagonga ukuta.

## Hatua ya 7: Lifti, alafu gati

Karibu na gati, upande wa magharibi, kuna lifti ya reli inayopanda mlima toka 1912. Behewa moja, njia kama mita 40, dakika chache umefika juu. Kabla yake palepale palikuwa na njia ya kutembea inayojisogeza, iliyowekwa 1901 na injinia Mmarekani Jesse Reno, mmoja wa waliobuni ngazi za umeme tunazopanda leo kwenye maduka makubwa. Panda juu, utaona gati lote kwa mara moja limelala juu ya maji, alafu teremka.

Uwe getini mwa gati saa moja kabla ya saa ya maji. Gati ni kilomita 2.16, refu kuliko gati lolote la starehe duniani. La kwanza lilikuwa la mbao, 1830, na la chuma lililopo lilifunguliwa 1889. Walilirefusha tena na tena kwa sababu moja tu, meli za abiria kutoka London zilikuwa haziwezi kusogea ufukweni maji yakipwa, na mji ukaona wageni wanapita kwenda Margate.

Nenda na treni, rudi kwa miguu. Watu wanafanya kinyume alafu wanalalamika upepo umewachosha. Upepo wa pale mara nyingi unatoka kusini magharibi, ukienda kwa miguu unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma. Kwahiyo nunua tiketi ya treni ya njia moja kama mna miguu, au ya kwenda na kurudi kama mna bibi au watoto wadogo. Treni za sasa zinatumia betri, zilianza 2022, mwaka ambao Southend ilipewa hadhi ya jiji kwa heshima ya mbunge wake David Amess aliyeuawa Oktoba 2021. Jina lake limeandikwa kwenye treni moja.

Mwishoni utakuta stesheni ya mashua za uokoaji, mgahawa na sehemu za kukaa. Hili gati limepigwa sana: moto 1959, moto 1976, moto 2005, na mwaka 1986 meli iligonga ikalikata vipande viwili. Wakati wa vita ya pili jeshi la majini lililichukua na misafara ya meli ikawa inapangwa hapo kabla ya kutoka nje. Kila mara wamejenga tena.

Sasa toa darubini. Tazama kusini mashariki kuelekea Sheerness, utaona milingoti imechomoza majini na maboya yameizunguka. Ni Richard Montgomery, meli ya Kimarekani iliyokwama kwenye fungu Agosti 1944 ikavunjika, na ndani bado kuna kama tani 1,400 za milipuko. Hakuna ruhusa kuisogelea, na serikali ina mpango wa kukata milingoti ili uzito upungue. Alafu geuka magharibi utaona meli za makontena zinapanda mto kwenda London Gateway, bandari iliyofunguliwa 2013 chini ya DP World, haohao wa Dubai walioingia bandari ya Dar es Salaam.

Umefaulu kama: saa ya maji imekukuta mwisho wa gati, chini ya mbao maji ya kijani kila upande, na unaanza kurudi taratibu maji nayo yakianza kutoka.

## Hatua ya 8: Kama bado mna nguvu

Mashariki ya gati, kama dakika kumi kwa miguu, kuna Kursaal, jengo lenye kuba lililofunguliwa 1901 kwa ajili ya michezo na burudani. Litazame kutoka nje. Wenye watoto wataishia kwenye bembea zilizo pembeni ya gati, na ni haki yao.

Ngome ya Hadleigh usiibebe siku hiyohiyo. Ni kama kilomita tatu kutoka stesheni ya Leigh na kuna mlima, kuingia ni bure, ifanye safari yake.

## Mambo ya kutofanya kabisa

Kutembea kwenda kwenye boma la saruji mbele ya Thorpe Bay. Maji yakipwa utaliona, ni kipande cha bandari ya vita ya pili iliyotengenezwa kwa vipande vya kuunganisha (Mulberry), mwaka 1944, kilichovuja na kukwama pale. Linaonekana karibu. Tatizo maji hayaji kutoka mbele peke yake, yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, kwahiyo wewe bado uko pakavu na njia ya kurudi imeshafungwa. Waokoaji wa Southend wanatumia hovakrafti, chombo kinachoelea juu ya hewa, kwa ajili ya hali hizi, kwa sababu kwenye tope laini mashua haifiki na mtu hatembei.

Njia ya Broomway, upande wa Foulness. Ni njia ya zamani juu ya mchanga wa bahari, imeua watu zaidi ya 100, na eneo lenyewe ni la jeshi. Bila kiongozi anayeijua, usikanyage.

Ukiona mtu amekwama, piga 999 na uombe Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Usimfuate.

## Kama siku yako pekee imeangukia maji mafu

Inatokea, kazi ni kazi. Basi geuza: fika gati asubuhi linapofunguliwa maji yakiwa bado yapo, nenda mwisho na treni, rudi kwa miguu, alafu tembea kuelekea Leigh maji yakipwa. Mchana mtakuwa mabandani mnakula chaza, Crowstone mtaiona imesimama kwenye tope mpaka kwenye kitako, na mtapanda treni ya kurudi palepale Leigh bila kurudi mjini. Upepo utakuwa usoni sehemu ya njia, vaeni makoti.